Mchepuko wa mshipa wa lango kwa mgonjwa wa sirosisi: jinsi ya kusimamia umetaboli kabla na baada

Mgonjwa wa sirosisi ana ini lililojaa makovu, na damu inayoletwa na mshipa wa lango kutoka utumboni hupita humo kwa shida. Mchepuko ni njia ya mkato inayoitoa damu hiyo kwenye mshipa wa lango na kuipeleka kwenye mishipa ya mwili mzima. Hutengenezwa ili kushusha presha, na presha hushuka saa ileile. Mishipa iliyovimba kwenye umio hulegea, damu huacha kuvuja, na maji ya tumboni huanza kupungua katika wiki zinazofuata. Ila damu inayotoka utumboni, kwenye kongosho na kwenye wengu, ambayo awali ilipitia ini kabla ya kwenda kwingine, sasa inaingia moja kwa moja kwenye mzunguko wa mwili mzima. Ini halijaharibika kuliko lilivyokuwa jana; limerukwa tu. Sehemu kubwa ya mabadiliko ya kikemia utakayoyaona baada ya hapo inatokana na kurukwa huko, na ndiyo maana utunzaji wa mgonjwa huyu unaanzia utumboni, kwenye misuli, kwenye saa za kula na kwenye orodha ya dawa.

Maelezo haya yamelengwa kwa daktari, muuguzi na mtaalamu wa lishe wanaomfuatilia mgonjwa mtu mzima. Dozi zilizotajwa ni za mtu mzima, na zinahitaji jicho la daktari anayemjua mgonjwa.

Jua kwanza ni mchepuko upi

Ini la mtu mzima hupokea takriban lita 1.5 za damu kwa dakika, na karibu robo tatu yake hutoka kwenye mshipa wa lango. Tofauti ya presha kati ya mshipa huo na vena kuu ya chini (mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni) kwa kawaida ni mmHg 1 hadi 5. Ikifika 10, mishipa ya umio huanza kuvimba. Ikivuka 12, inaweza kupasuka. Kila mchepuko unajaribu kuirudisha chini ya 12, na swali la umetaboli, yaani jinsi mwili unavyotumia chakula na kuondoa taka zake, ni moja: je, ni kiasi gani cha damu ya lango bado kinafika kwenye ini?

Mshipa wa lango ukikatwa na ncha yake kushonwa kwenye vena kuu, hakuna kinachofika. Mishipa hiyo ikiunganishwa ubavu kwa ubavu, mara nyingi matokeo ni yaleyale, kwa sababu damu ya ini lenyewe inaweza hata kurudi nyuma na kutokea kwenye tundu hilo. Mrija mwembamba wa milimita 8 kati ya mishipa hiyo miwili huacha damu kiasi iendelee kwenda kwenye ini. Mchepuko wa wengu na figo, ambao daktari wa upasuaji Warren aliuelezea mwaka 1967, huondoa presha kupitia wengu na kuacha mshipa wa lango ukifanya kazi yake. Kwa miezi au miaka ya mwanzo hiyo ni faida kubwa. Baadaye vijishipa vya kongosho hupanuka na kuinyonya damu ya lango kuelekea upande wa mchepuko, hasa kwa wagonjwa ambao sirosisi yao ilitokana na pombe, na faida hiyo hupungua kidogokidogo.

Siku hizi mchepuko unaotumika zaidi ni TIPS: stenti (mrija wa wavu wa waya) inayopitishwa kwenye mshipa wa shingo na kuunganisha mshipa wa lango na mshipa wa ini ndani ya ini lenyewe. Hauhitaji kupasua tumbo, lakini kwa upande wa umetaboli unafanana na ubavu kwa ubavu. Stenti iliyofunikwa haizibi kirahisi kama zile za zamani zilizo wazi. Kipenyo chake, kati ya milimita 8 na 10, ndicho kinachoamua ni kiasi gani cha sumu kitaufikia ubongo. Kama tofauti ya presha imeshuka chini ya 12 kwa milimita 8, usiipanue zaidi kwa kutafuta namba nzuri kwenye ripoti. Tundu la ziada hulipwa na ubongo.

Wazo hili ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Nikolai Eck aliunganisha mishipa hiyo kwa mbwa mwaka 1877, na mwaka 1893 maabara ya mwanafiziolojia Pavlov ikaripoti kwamba mbwa wenye mchepuko wa Eck walichanganyikiwa na kuugua wakilishwa nyama. Kutokana na uchunguzi ule, wagonjwa wa sirosisi walinyimwa protini kwa miongo mingi. Kosa hilo tutalizungumzia tena hapa chini.

Kabla ya mchepuko

Ukipata wiki mbili za maandalizi, zitumie vizuri. Mgonjwa anayetapika damu hakupi nafasi hiyo, lakini hata kwake baadhi ya hatua hizi zinawezekana siku hiyohiyo.

1. Uliza kuhusu ensefalopathia ya ini, yaani ubongo kuvurugwa na sumu ambazo ini halikuzichuja. Mgonjwa aliyewahi kuipata bila kichochezi chochote ni mgombea hafifu wa mchepuko. Aliyeipata kwa sababu ya kutokwa damu au maambukizi ni habari nyingine.

2. Mpe dakika moja ataje wanyama wengi awezavyo. Chini ya 10 ni dalili ya hatari. 15 au zaidi inatuliza moyo. Andika namba hiyo kwenye faili, kwa sababu utailinganisha baadaye.

3. Pima bilirubini, kreatinini, sodiamu, potasiamu, INR (kipimo cha damu kuganda) na albumini. Bilirubini ikiwa juu ya miligramu 3 kwa desilita, au alama ya MELD (inayokadiria ukali wa ugonjwa wa ini) ikiwa juu ya 18, hatari ya ini kushindwa kabisa inapanda, na uamuzi unapaswa kupitia kwa timu ya upandikizaji. Kumbuka kwamba kreatinini ya mtu aliyekonda hudanganya: misuli michache hutoa kreatinini kidogo hata figo zikiwa mbovu.

4. Fanya ultrasaundi ya moyo. Mchepuko humwaga damu nyingi upande wa kulia wa moyo kwa ghafla. Moyo uliofeli au presha kubwa ya mishipa ya mapafu ni kizuizi.

5. Pima misuli: nguvu ya kushika mkono kwa dainamomita, na kama kuna picha ya CT, eneo la misuli kwenye pingili ya tatu ya kiuno. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na inaweza kueleza mengi ya yatakayofuata.

6. Pima sukari ya kufunga na ya saa mbili baada ya gramu 75 za glukosi. Pima pia zinki na vitamini D.

7. Safisha orodha ya dawa. Ondoa za usingizi, punguza au badilisha za maumivu zinazofunga choo, na uliza kama dawa ya kupunguza asidi ya tumbo bado ina sababu ya kuwepo, kwa kuwa imehusishwa na ensefalopathia baada ya TIPS.

8. Kwa TIPS iliyopangwa, fikiria rifaksimini (antibiotiki inayofanya kazi ndani ya utumbo) miligramu 550 mara mbili kwa siku kuanzia siku 14 kabla. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2021, lililofanyika Ufaransa hasa kwa wagonjwa wa sirosisi ya pombe, waliotumia dawa hiyo kuanzia wiki mbili kabla hadi siku 168 baada ya TIPS walipata ensefalopathia kwa asilimia 34, dhidi ya asilimia 53 ya waliopewa dawa bandia.

Amonia

Amonia, taka ya protini ambayo ni sumu kwa ubongo, hutoka sehemu nyingi kuliko utumbo mpana pekee. Ni kweli bakteria wa utumbo mpana huivunja urea na kuitoa. Lakini seli za ukuta wa utumbo mwembamba nazo hutumia glutamini (amino asidi) kama chakula chao na kuacha amonia kama taka, kwa hiyo mgonjwa asiye na kinyesi tumboni bado anaitengeneza. Figo huitoa pia, hasa potasiamu ikishuka. Ini zima huinasa karibu yote damu inapopita mara ya kwanza: seli zilizo karibu na mlango huigeuza kuwa urea, na zile za karibu na njia ya kutokea hukamata mabaki na kuyageuza kuwa glutamini. Mchepuko unaruka vituo vyote viwili.

Amonia iliyokosa ini hupokelewa na misuli na ubongo. Misuli ina kimeng'enya cha kuifunga kwenye glutamati ili iwe glutamini, na kwa namna hiyo inakuwa ini la pili. Ubongo nao hufanya vivyo hivyo ndani ya astrosaiti, seli zinazozihudumia neva, ila glutamini inayojikusanya humo huvuta maji na seli zinavimba. Huu ndio utaratibu unaoeleza kwa nini wagonjwa wawili wenye stenti sawa na ini linalofanana wanaachana njia: mwenye mapaja yenye nyama anatembea, aliyekonda anasinzia.

Baada ya TIPS, takriban theluthi ya wagonjwa hupata ensefalopathia ya wazi, na nyingi hutokea ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Utunzaji wa kila siku ni huu. Laktulosi (sharubati ya kulainisha choo) mililita 15 hadi 30 mara mbili au tatu kwa siku, ukilenga vyoo laini 2 au 3. Lengo ni idadi ya vyoo. Mililita ni njia tu ya kufika huko, na mgonjwa aelezwe hivyo ili ajirekebishie mwenyewe. Akipata choo kimoja kigumu, aongeze. Akipata vitano vya maji, apunguze mara moja, kwa sababu kuharisha humkausha, sodiamu na potasiamu huvurugika, figo huongeza amonia, na dawa iliyokusudiwa kuzuia ensefalopathia inageuka kuwa chanzo chake. Hili huonekana mara nyingi wodini: mgonjwa anachanganyikiwa, dozi inaongezwa, anaharisha zaidi, anachanganyikiwa zaidi.

Akishachanganyikiwa na anaweza kumeza salama, mililita 25 hadi 30 kila saa moja au mbili mpaka apate vyoo viwili, kisha rudi kwenye dozi ya kawaida. Asiyeweza kumeza apewe enema ya mililita 300 za laktulosi kwenye mililita 700 za maji, ikae ndani kwa dakika 30 hadi 60.

Wakati huohuo tafuta kichochezi, na usiridhike na cha kwanza utakachokipata: choo kilichofunga, damu tumboni, maambukizi (maji ya tumboni yatolewe na kupimwa), potasiamu ya chini, upungufu wa maji kwa sababu ya dawa za kukojosha, kidonge cha usingizi alichopewa na jirani. Potasiamu inastahili neno la ziada. Ikishuka, figo hutoa amonia zaidi na damu huelekea kuwa ya alkali. Kwenye alkali, amonia hubadilika kuwa gesi inayopenya kuta za ubongo kirahisi. Kumrejeshea potasiamu peke yake huwaamsha baadhi ya wagonjwa.

Kipimo cha amonia kina matumizi machache. Mgonjwa mwenye mchepuko atakuwa nayo juu hata akiwa timamu, hivyo usiitibu namba. Kinachosaidia ni kinyume chake: mgonjwa amechanganyikiwa na amonia ni ya kawaida, basi tafuta sababu nyingine, kama damu kwenye kichwa, sukari iliyoshuka au dawa. Na sampuli ichukuliwe sawasawa: mkono usifungwe kwa muda mrefu, mgonjwa asikunjekunje ngumi, chupa iwe ya EDTA (dawa ya kuzuia damu kuganda) na iwekwe kwenye barafu papo hapo, na ifike maabara haraka. Damu iliyokaa mezani hujitengenezea amonia yake.

Sukari na insulini

Kongosho humwaga insulini kwenye mshipa wa lango, na ini huichukua karibu nusu kabla haijafika kwingine. Baada ya mchepuko nusu hiyo haichukuliwi. Mgonjwa anakuwa na insulini nyingi kwenye damu ya mwili ingawa kongosho halijaongeza kazi. Ukipima C-peptidi (kipande ambacho kongosho hukitoa sambamba na insulini) pamoja na insulini utaliona hilo, kwa kuwa C-peptidi haichujwi na ini kwa kiasi kikubwa na uwiano wake na insulini hushuka. Glukagoni, homoni inayopandisha sukari, nayo hupanda. Misuli iliyozungukwa na insulini muda wote huizoea na kuacha kuisikiliza.

Matokeo yake yana sura mbili zinazopingana. Baada ya kula, glukosi inayotoka utumboni inaliruka ini lililopaswa kuihifadhi, kwa hiyo sukari inapanda sana. Asubuhi kabla ya kula, ini lisilo na glikojeni (akiba ya sukari) ya kutosha haliwezi kuishikilia sukari, kwa hiyo inaweza kuwa ya kawaida au hata ya chini. Anayepima sukari ya kufunga tu atasema mgonjwa hana kisukari. HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi iliyopita, nayo haisaidii: wengu mkubwa na upungufu wa damu hufupisha maisha ya chembe nyekundu, na kipimo hutoka kizuri kuliko ukweli. Pima kwa kidole kabla ya kula na saa mbili baada ya kula, siku kadhaa mfululizo.

Akihitaji dawa, insulini kwa dozi ndogo pamoja na mlo ndiyo njia salama. Insulini ya usiku ianze chini na ipande taratibu, kwa kuwa saa tisa usiku ndipo anaposhuka. Vidonge vya jamii ya sulfonilurea humshusha sukari kwa muda mrefu, na metformini haimfai mwenye ini lililoelemewa au figo dhaifu kwa sababu ya asidi ya laktiki. Na mgonjwa aliyechanganyikiwa apimwe sukari kabla ya kitu kingine chochote. Kama ni mnywaji wa pombe au amekonda sana, apewe thiamini kabla ya dripu ya glukosi.

Chakula na misuli

Hapa ndipo faida kubwa ipo na ndipo makosa ni mengi. Wagonjwa wengi huongeza misuli ndani ya miezi 6 hadi 12 baada ya TIPS: maji ya tumboni yakipungua, tumbo la chakula halibanwi tena na hamu ya kula inarudi. Wasioongeza misuli hufanya vibaya. Mchepuko umefungua mlango; chakula ndicho kinachoingia.

Hesabu uzito halisi kwanza, ukiyatoa maji. Maji kidogo tumboni, toa asilimia 5, ya wastani, 10, mengi, 15, miguu yote miwili ikiwa imevimba, ongeza 5. Chukua mgonjwa wa kilo 70 mwenye maji ya wastani na miguu iliyovimba: unatoa asilimia 15, unabaki na kilo 59.5. Nishati ni kilokalori 35 kwa kilo, yaani takriban 2,080 kwa siku. Protini ni gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kilo, yaani gramu 71 hadi 89.

Protini hiyo haipunguzwi kwa sababu ya ensefalopathia. Mbwa wa Pavlov walilishwa nyama nyingi kwa pamoja. Mgonjwa wako atakula kidogokidogo siku nzima. Ukimnyima, mwili unaivunja misuli yake mwenyewe, amonia inatoka kwenye misuli hiyo, na ini lake la pili linapungua. Yai moja lina takriban gramu 6 za protini, glasi ya maziwa ya mililita 250 ina gramu 8, gramu 100 za kuku aliyepikwa zina karibu 28, kikombe cha maharage yaliyoiva kina karibu 15. Gramu 80 zikigawanywa kwenye milo sita ni kama gramu 13 kila mlo, kiasi ambacho utumbo hukibeba bila fujo. Protini ya mimea na ya maziwa huvumilika vizuri zaidi kuliko nyama, na nyuzinyuzi za maharage hulainisha choo. Samaki na nyama hazikatazwi.

Saa za kula zina uzito sawa na kiasi. Mgonjwa wa sirosisi akilala njaa usiku mmoja, mwili wake asubuhi unafanana na wa mtu mzima wa afya aliyefunga siku mbili hadi tatu: glikojeni imekwisha na misuli inavunjwa ili itengenezwe sukari. Mchepuko haurekebishi hilo. Kwa hiyo mchana asikae zaidi ya saa 3 au 4 bila kula, na kabla tu ya kulala ale kitu chenye gramu 50 za wanga pamoja na protini kidogo, kwa mfano vipande viwili vya mkate, ndizi na glasi ya maziwa. Akifunga kwa ajili ya kipimo, kipimo kipangwe asubuhi mapema, na wodi isimsahau mpaka alasiri.

Kuna habari ya amino asidi ambayo inaeleza mengine. Ini huziondoa zile za kundi la harufu, fenilalanini na tairosini. Misuli hutumia zile zenye matawi, valini, lusini na isolusini. Kwa mtu mzima wa afya uwiano wa zenye matawi kwa hizo nyingine ni kama 3 au zaidi. Kwa sirosisi huporomoka hadi karibu 1, na mchepuko huuvuta chini zaidi, kwa sababu insulini nyingi inazisukuma zenye matawi ndani ya misuli na misuli inazitumia kufunga amonia. Vyakula vya unga vyenye amino asidi za matawi, gramu 0.25 kwa kilo kwa siku, vinafaa kwa mgonjwa anayeshindwa kufikisha protini yake kwa chakula cha kawaida. Kwa anayekula vizuri ni gharama tu.

Ongeza mazoezi ya nguvu: kuinuka kitini bila kushika mikono, mara 10, mizunguko mitatu kwa siku, na kutembea. Zinki ikiwa chini, salfeti ya zinki miligramu 220 mara mbili kwa siku, kwa kuwa mzunguko wa urea unaihitaji. Chumvi ibaki chini ya gramu 5 kwa siku wakati maji bado yapo, lakini kama katazo la chumvi linamfanya ale nusu sahani, legeza katazo.

Dawa za kumeza

Dawa ambazo ini huzikamata sana zinapopita mara ya kwanza sasa hazikamatwi. Kidonge kilekile kinakuwa kama dozi mbili au zaidi. Orodha ya kukumbuka: propranololi, labetaloli, verapamili, nifedipini, mofini ya kumeza, midazolamu, simvastatini. Midazolamu ina tatizo maradufu, kwa kuwa baada ya TIPS hata vimeng'enya vya ukuta wa utumbo vinavyoivunja hupungua. Simvastatini ya miligramu 40 kwa mwenye ini lililoelemewa inaweza kuyeyusha misuli. Asivuke 10 hadi 20, na dalili ya maumivu ya misuli ichukuliwe kwa uzito.

Propranololi iliyokuwa ikizuia mishipa ya umio isipasuke kwa kawaida husimamishwa baada ya mchepuko unaofanya kazi, maana presha imeshashuka. Mara nyingi hakuna anayeisimamisha, na mgonjwa anarudi na mapigo 48 kwa dakika. Kwa maumivu, parasetamoli isizidi gramu 2 kwa siku. Dawa jamii ya ibuprofeni ziachwe kwa ajili ya figo.

Maji, chumvi na figo

Baada ya mchepuko, homoni za renini na aldosteroni, zinazofanya figo zishikilie chumvi, hushuka, na figo huanza kuachia sodiamu, lakini taratibu: badiliko kubwa huonekana kati ya wiki 1 na 4, na maji ya tumboni yanaweza kuchukua miezi mitatu hadi sita kuisha. Kosa la upande mmoja ni kusimamisha dawa zote za kukojosha siku ya kwanza. Kosa la upande wa pili, ambalo ni baya zaidi, ni kuziacha kwenye dozi ileile wakati figo zimeamka. Mgonjwa anakauka, sodiamu inashuka, anachanganyikiwa, na lawama zinaangukia stenti.

Apime uzito kila asubuhi. Asiye na miguu iliyovimba asipungue zaidi ya kilo 0.5 kwa siku. Aliyevimba miguu, kilo 1. Spironolaktoni na furosemidi zishuke pamoja kwa uwiano wa 100 kwa 40. Pima sodiamu, potasiamu na kreatinini wiki ya kwanza, ya pili na ya nne, kisha kila mwezi hadi mwezi wa tatu.

Namba zitakazokutisha bila sababu, na zile zenye sababu

Asidi za nyongo kwenye damu hupanda mara mchepuko unapofunguka, kwa sababu zinazorudi kutoka utumboni haziokotwi na ini. Usizitumie kupima hali ya ini tena. Kolesteroli inaweza kushuka. Mwaka 1973 daktari wa upasuaji Starzl aliutumia mchepuko huu kumshusha kolesteroli msichana mwenye ugonjwa wa kurithi. Kwa mgonjwa wa sirosisi, kolesteroli iliyoshuka haina la kushangilia, maana ini dhaifu nalo huishusha.

Bilirubini ikipanda, tenganisha. Ikiwa ni ile isiyounganishwa, na chembe changa za damu zimeongezeka huku haptoglobini (protini inayoshuka chembe nyekundu zinapopasuka) ikiwa chini, chembe nyekundu zinapasuka kwenye nyavu za stenti. Hii hutokea zaidi kwa stenti zisizofunikwa na hutulia ukuta wa mshipa ukishazifunika, baada ya wiki 8 hadi 12. Lakini bilirubini ikipanda pamoja na ALT (kimeng'enya cha ini) na INR ndani ya siku chache, ini limekosa damu. Hapo hakuna kungoja: ultrasaundi ya Doppler (inayoonyesha mtiririko wa damu), na mazungumzo ya kupunguza stenti au kupandikiza ini. Kwa stenti iliyofunikwa, hewa iliyonaswa kwenye kitambaa huizuia Doppler kuona siku za mwanzo. Kipimo cha kawaida kisubiri wiki moja, kisha kila miezi 6.

Manganizi ni madini yanayotolewa kupitia nyongo, na mchepuko huiacha izunguke. Hujikusanya kwenye globasi palidasi, kiini cha ndani ya ubongo, na kung'aa kwenye picha ya MRI ya T1. Mgonjwa anayetetemeka, anayekakamaa na kutembea kwa hatua fupi bila kuchanganyikiwa achunguzwe kwa jicho hilo, na anayelishwa kwa mishipa aondolewe manganizi kwenye mchanganyiko wake.

Nadra zaidi ni uti wa mgongo kuathirika: miguu inakakamaa na kudhoofika polepole kwa miezi, hisia zikiwa karibu sawa. Laktulosi haisaidii. Kupandikizwa ini mapema ndiyo nafasi yake, hivyo kila ziara mwombe atembee mbele yako.

Kupunguza mchepuko

Ensefalopathia inayorudi licha ya laktulosi, rifaksimini, chakula sahihi na vichochezi kuondolewa inahitaji tundu lipunguzwe. Kwa TIPS, stenti ya pili yenye kiuno chembamba huwekwa ndani ya ile ya kwanza, na wengi huamka ndani ya siku chache. Kuziba kabisa kunawezekana, ila presha hupanda ghafla, na damu au maji hurudi.

Kabla ya kupunguza, hakikisha mambo matatu. Vichochezi vimetafutwa kweli, si kwa kukisia. Mishipa ya umio imeangaliwa kwa kamera, na ile mikubwa imefungwa au kuzibwa. Timu ya upandikizaji inamjua mgonjwa. Pima tofauti ya presha mezani kabla na baada, uiandike kwenye faili karibu na kipenyo kipya. Msimamishe mgonjwa kuendesha gari mpaka apite tena jaribio la wanyama. Na kwa kuwa presha imepanda tena, rudia swali la propranololi kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani.